Mama wa Kitaliani Mgongoni Mwangu

Aliyenifundisha kuendesha chombo cha moto alikuwa mama mmoja wa Kitaliani ambaye Kiswahili chake chote alikipata kwenye barua. Nimekuwa nikimshukuru kimoyomoyo kwa zaidi ya miaka hamsini, na sasa nimeona niandike, maana tunaomkumbuka tumebaki wachache.

Kaka yake alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji wa Korogwe. Aliletwa nchini kijana mdogo, mfungwa wa vita, na vita vilipokwisha wenzake wakapanda meli yeye akabaki. Sisi tulimwita Mtaliani tu, naye aliitika. Baba yangu alifanya naye kazi miaka mingi kwenye korona, ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge mpaka zitoke nyuzi. Babu alikuwa amekuja manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Njombe, baba akazaliwa kambini, akasilimu alipomwoa mama, ambaye ni Mzigua wa Handeni. Tulikaa Kwamndolwa, tuna mahindi, mihogo na michungwa michache nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nina miaka kumi na tisa, nasubiri kazi ambayo haikuonyesha dalili ya kuja.

Ilikuwa kama miaka miwili baada ya Azimio. Shamba la mkonge lilikuwa limeshakuwa la serikali, na Wazungu wengi walikuwa wamefunga mizigo. Mtaliani hakufunga. Ndipo siku moja dada yake akafika kwa meli mpaka Tanga, mjane wa umri wa mama yangu, mfupi, mwenye mikono mipana. Hawakuwa wameonana karibu miaka thelathini. Muda wote huo kaka alikuwa akimwandikia, na kila alipokosa neno la kwao la kutajia kitu cha huku aliandika la Kiswahili na kulieleza pembeni. Kwa hiyo dada alishuka melini anajua mkonge, mvua, siafu, shamba, mume, homa, pole, bado kidogo, kesho na mengine machache. Alijua kuhesabu mpaka kumi. Kupanga sentensi hakuweza, lakini ungeshangaa kuona alivyoweza kuzungumza nusu siku kwa maneno hayo.

Walikuja nyumbani kwetu Ijumaa jioni, Mtaliani akitembelea fimbo kwa sababu chuma kilikuwa kimemwangukia gotini karakanani.

"Mzee mwenzangu," alimwambia baba, "dada yangu anataka kuona nchi niliyokaa. Nilipanga kumtembeza mwenyewe kwa skuta, na hili goti ndilo hili. Kuendesha anajua, kwao alikuwa akizunguka nayo kwenye mashamba ya zabibu. Njia ndiyo haijui. Nipe binti yako akae nyuma amwonyeshe."

Baba akamgeukia mama.

"Watapita wapi?" mama akauliza.

"Kesho Kwashemshi, warudi. Keshokutwa Handeni, halafu wazunguke na Mkata warudi kwa barabara kuu."

"Handeni watalala kwa mdogo wangu," mama akasema. "Huyu ni mwanamke mwenzangu, na ana umri wangu. Akienda naye sina neno."

Hivyo ndivyo nilivyopata ruhusa. Asubuhi nilivaa gauni langu la shule, na chini yake suruali ya baba niliyoikunja mara tatu. Tulikubaliana ishara kabla ya kuondoka: nikimgusa bega la kulia anakata kulia, la kushoto anakata kushoto, na nikimpiga mgongoni mara mbili anasimama. Majirani walitoka nje kututazama. Wengine walicheka, na mmoja akaniuliza kama nimeajiriwa kuwa usukani.

Njia ya Kwashemshi inapanda. Skuta ililalamika mpaka nikaona huruma, na kwenye kona kali nilishuka nikatembea kando. Juu kule hewa ilibadilika, ikawa baridi yenye harufu ya majani mabichi, na kila bonde lilijaa miwa. Mtaliani alikuwa ameniagiza: "Mwonyeshe miwa. Kwetu ni zabibu, huku ni miwa. Ataelewa."

Kwenye nyumba moja karibu na njia tulimkuta mzee na mke wake wakikamua. Niliwaamkia kwa Kishambaa nilichookota sokoni Korogwe, wakacheka, wakanijibu kwa Kiswahili. Nilipowaeleza kwamba mgeni wangu kwao hutengeneza kinywaji kwa zabibu, mzee alifurahi sana. Alimpa mke wake ishara, na mama yule akaleta dengelua kwenye kata, ile pombe yao ya miwa. Mimi alinipa maji ya miwa yenyewe, bado na povu, kwa kuwa aliona nilivyojifunga kitambaa kichwani, akajua mimi ni Mwislamu.

Mgeni wangu alishika kata kwa mikono miwili. Aliitikisa kidogo, akaisogeza puani, akafumba macho. Kisha akapiga funda moja, akalizungusha mdomoni kwa sauti kama mtu anayesukutua, na akalitema kwenye majani.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee aliweka panga chini.

"Ametema," akasema polepole. "Tumemkosea nini?"

Nikamgeukia. "Mama, mbaya?"

"Hapana!" Alishtuka kuona nyuso zetu. "Nzuri! Nzuri kesho. Leo, bado kidogo. Kesho!"

Mzee na mke wake wakatazamana. Halafu mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye gogo. "Amejuaje? Hii tumeitia jana. Ni kweli, inaiva kesho!" Akamwambia mke wake alete ile nyingine, iliyokwisha kuiva. Hiyo hakuitema. Alikunywa kata nzima, akafuta midomo kwa kiganja, akamshika mzee mkono, na kuanzia hapo walizungumza saa nzima, huyu kwa Kishambaa na huyu kwa Kitaliani, wakionyeshana mitungi, wakionja, wakibishana. Sikuwa na kazi yoyote ya kutafsiri. Watu wa fani moja hawahitaji mkalimani.

Wakati wa kurudi tulipumzika penye mwinuko ambapo unaiona Korogwe yote chini, na mto Pangani, na mistari ya mkonge iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Akaniambia habari zake. "Mume," akasema. "Homa. Kesho, hapana." Alionyesha kimo cha mizabibu kwa mkono, akahesabu vidole kuonyesha safu, kisha akajigusa kifuani. Nilielewa kwamba mumewe alikuwa amefariki na sasa analima mwenyewe. Nikasema pole. Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu neno hilo alilijua vizuri.

Siku ya pili tulikwenda Handeni. Ilikuwa vumbi jekundu, vichaka, na makundi ya ng'ombe yakivuka barabara bila haraka. Mama mdogo alitupokea kwa ugali na mchicha wa nazi, na mgeni akala kwa mkono vizuri kuliko nilivyotarajia. Mama mdogo alimpenda palepale.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla hatujaondoka, aliisukuma skuta mpaka kwenye uwanja wa mnada, ambao siku hiyo ulikuwa mtupu. Akashuka, akanionyesha kiti cha mbele.

"Mimi?" nikauliza.

"Kesho, mimi hapa, hapana," akasema, akanigusa begani. "Wewe."

Nadhani alitaka kusema kwamba yeye ataondoka, mimi nitabaki. Gia za skuta ile zilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Unabana klachi na kuzungusha. Alinishika mkono juu ya mkono, akahesabu: "Moja. Mbili. Tatu." Nilizima injini mara nyingi mno. Niliingia kwenye boma la kufungia ng'ombe. Nilianguka nikachubuka kiwiko, naye akanipulizia kidonda kama mtoto, akanirudisha kwenye kiti. Mpaka jua linapata ukali nilikuwa nimeuzunguka uwanja mara nne bila kuanguka, na nilipiga kelele ambazo mama mdogo alisema alizisikia kutoka kwake.

Tukaondoka kuelekea Mkata, yeye mbele mimi nyuma kama kawaida. Katikati ya njia tukafika kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilikuwa kwenye mistari, na udongo wa kuta ulikuwa bado haujakauka vizuri. Watu wale walikuwa wamehamia hapo kutoka mashamba yao ya zamani. Mwenyekiti wa kijiji, mwanaume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alisimama katikati ya barabara na kuinua mkono.

"Barua ya utambulisho iko wapi?"

Nilimwamkia, nikaeleza kwamba hatuna barua, kwamba huyu ni mgeni tu, dada wa fundi wa Korogwe.

"Mgeni tu," akarudia. "Wazungu wengine wanapita hapa kutazama kama tumeshindwa. Mtasubiri katibu arudi kutoka Handeni."

"Atarudi lini, mzee?"

"Ana baiskeli."

Tukakaa kivulini mwa ghala. Mgeni aliniuliza kwa macho, nikamjibu, "Bado kidogo," akacheka maana lile lilikuwa neno lake. Lakini hakuweza kukaa. Mbele yetu wanawake kama ishirini walikuwa wanapalilia mahindi kwenye shamba la kijiji. Aliwatazama, akainuka, akamwendea bibi mmoja aliyekuwa amesimama kunyoosha mgongo, akamwomba jembe kwa ishara. Bibi akampa, akitabasamu, tayari kucheka. Hakupata cha kuchekea. Yule mama alipalilia safu nzima bila kugusa mhindi hata mmoja, akageuza, akaanza ya pili.

Mwenyekiti alisogea karibu yangu. "Huyu kwao ni mkulima?"

"Ndiyo, mzee. Mumewe amefariki. Analima mwenyewe."

"Mwambie sisi hapa waliofiwa na waume hawalimi peke yao. Tunalima pamoja."

Sikuwa na maneno ya kutosha. Nilimwendea nikamwonyesha wale wanawake wote kwa mkono mmoja, nikasema, "Shamba moja. Watu wote." Alisimama na jembe, akazitazama safu, akatazama nyumba mpya, akafikiri kweli.

"Nzuri," akasema. "Ngumu."

Mwenyekiti akacheka kwa mara ya kwanza. "Amesema kweli mara mbili. Mpeni maji."

Maji yalipoletwa hakuweza kuyanywa. Kikombe kilikuwa kinatetemeka. Nilidhani ni uchovu, kumbe meno yenyewe yalikuwa yanagongana, jua likiwa utosini. Alikaa chini kwenye tuta, akanitazama, akasema neno alilokuwa amelisoma miaka mingi kwenye barua za kaka yake: "Homa."

Tulimlaza ndani ya ghala. Wakamfunika khanga nne na bado alitetemeka. Kijiji hakikuwa na dawa wala gari, na zahanati ya karibu ilikuwa Mkata. Mwenyekiti, ambaye muda mfupi uliopita alitaka barua, sasa alizunguka skuta kama mtu anayetafuta mlango.

"Nani anaweza kuendesha hii?"

Nilisikia sauti ikisema, "Mimi," na ilichukua muda kuelewa kwamba ilikuwa yangu.

Bibi aliyetoa jembe alinitazama vizuri. Sijui aliona nini. Alinikalisha kwenye kiti, akawaambia wanawake wampandishe mgonjwa nyuma yangu, kisha akatufunga pamoja kwa khanga mbili, moja kifuani na moja kiunoni, akakaza mafundo kama anavyofunga mama mtoto mgonjwa.

"Mbebe," akaniambia. "Mimi naomba huku nyuma."

Injini ilizima mara mbili kabla hatujatoka kijijini. Mara ya tatu ikakubali. Sijawahi kuogopa kama siku ile, wala kabla wala baadaye. Mchanga ulikuwa mwingi, na kila gurudumu lilipoyumba nilijua kwamba nikianguka naanguka na yeye. Alikuwa ameniegemea na kichwa chake kinaunguza shingo yangu. Alikuwa anaweweseka kwa Kitaliani, akitaja watu. Lakini skuta ilipokuwa inalia kwa kuelemewa, na mimi sijui nifanye nini, alikuwa anayaacha maneno yake ya kwao na kuniambia sikioni, "Mbili." Nikizungusha mbili, injini inapumua. Mbele kidogo, "Tatu." Homa ilikuwa imemchukua akili yote, ila sikio lake la injini lilikuwa zima. Nami nilimjibu kila mara, "Tatu, mama, nimeweka tatu," nikilia, nikimeza vumbi.

Tulifika Mkata alasiri. Wauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara waliacha majiko yao wakaja kufungua mafundo, maana vidole vyangu vilikuwa havifunguki. Mganga wa zahanati alimchoma sindano, akamwekea kitambaa cha maji, akaniambia, "Mmewahi." Neno moja hilo. Nilikwenda nyuma ya jengo nikakaa chini.

Dereva wa basi la kwenda Korogwe alikubali kuwapelekea habari baba na Mtaliani. Kesho yake, mgonjwa akiwa ameshakunywa uji na kuanza kuulizia skuta yake, lori la shamba la mkonge lilisimama mbele ya zahanati. Mtaliani aliteremka na fimbo yake na kuingia ndani bila kutuamkia. Nyuma yake alikuwa baba, bado na nguo za kazi, nyuzi za mkonge zimemnasa kwenye mikono ya shati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani ameendesha kutoka huko?"

"Mimi, baba."

Aliikagua skuta. Ilikuwa imejaa matope na mchanga. Alipangusa taa ya mbele kwa kiganja, taratibu, kisha akapangusa na kiti. Nilikuwa nasubiri aniulize ruhusa hiyo nilipewa na nani.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Basi irudishe mwenyewe. Sisi tutakuja nyuma yako na lori."

Niliendesha kwenye barabara kuu, lori likinifuata polepole, na kila nilipogeuka nilimwona baba amesimama nyuma ya lori, ameshika ubavu wa bodi, ananitazama. Nilifika Segera mikono imekufa ganzi, nikasimama nikawaomba waipakie. Hakuna aliyenicheka. Baba alinishika chini ya kwapa akanipandisha juu kama mzigo unaovunjika.

Yule mama alikaa kwa kaka yake wiki tatu zaidi. Siku ya kuagana Mtaliani alinieleza jambo ambalo sikulijua: dada yake alikuwa amekuja kumchukua. Nyumba ilikuwa tayari, kitanda kilikuwa tayari. "Sasa amebadili mawazo," akasema. "Anasema alikuwa na hofu kwamba nikiugua huku nitaugua peke yangu. Anasema hofu hiyo imekwisha." Dada alikuwa amesimama pembeni, anaitikia kwa kichwa ingawa hakufuata maneno. Alinikumbatia kwa nguvu, akanipapasa kiwiko kuona kama kidonda kimepona. Mtaliani alibaki, akazeeka Korogwe, na baba alikuwa mmoja wa waliombeba kumpeleka makaburini.

Mwaka uliofuata ofisi ya elimu ya watu wazima Handeni ilitafuta walimu wa kuzunguka vijijini. Waombaji tulikuwa wengi, na wengi walikuwa na vyeti vya juu kuliko mimi. Afisa aliuliza nani anaweza kuendesha pikipiki. Wanaume wawili waliinua mikono, na mimi. Nikapewa kazi, na kazi hiyo ilinilisha, ikasomesha wadogo zangu, ikanionyesha nchi yetu kijiji kwa kijiji. Safari yangu ya kwanza nilikwenda kwenye kijiji kile kumshukuru bibi. Aliponiona na pikipiki ya ofisi hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu mgonjwa anaendeleaje.

Najua sasa kwamba maneno yalisemwa Kwamndolwa, kuhusu binti aliyevaa suruali na kupanda chombo na Mzungu, akalala huko barabarani. Mimi sikuyasikia wakati ule. Niliyasikia baada ya miaka mingi, kwa shangazi, baba na mama wakiwa wameshatangulia. Nilimuuliza shangazi kwa nini hayakunifikia.

"Mama yako aliyazuia kisimani," akasema. "Kila aliyeanza, alimwambia, 'Nilimruhusu mimi. Kama una swali, niulize mimi.' Wakaacha."